LESENI YA MWALIMU NA WAJIBU WA WILAYA

Suala la leseni ya ualimu linazungumzwa siku hizi kana kwamba ni jambo la mwalimu peke yake. Ana cheti au hana. Amesajiliwa au hakusajiliwa. Apewe leseni au anyimwe. Sisi tunaona kwamba namna hii ya kulitazama suala ina kasoro ya msingi, kwani inamhukumu mtu mmoja kwa kazi ambayo si ya mtu mmoja. Hatuna budi kuikosoa fikra hiyo kwa moyo wa ndugu, kama Chama kilivyohimizwa na kijitabu cha Tujisahihishe mwaka 1962.

Tuseme wazi kwamba hatupingi leseni. Mkulima anayempeleka mtoto wake darasa la kwanza hana njia ya kumpima mwalimu. Anaiamini Serikali imempimia. Ndiyo maana Sheria ya Elimu ya 1978 iliweka utaratibu wa kuwaandikisha walimu na kutoa leseni za kufundisha, na Sheria ya Bodi ya Kitaaluma ya Walimu ya 2018 ikaikabidhi bodi kazi ya kuwasajili na kuwapa leseni. Swali letu ni jingine: leseni hiyo inapima nini, na ni nani mwingine anayepimwa pamoja na mwalimu?

Historia yetu wenyewe inalo jibu. Mwezi Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU iliyokutana Musoma iliamua kwamba Elimu ya Msingi kwa Wote isingojee mwaka 1989 bali itimizwe ifikapo 1977. Walimu hawakuwapo. Vyuo havingeweza kuwatoa kwa wakati. Basi vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa, wakafundisha huku wakijifunza ualimu kwa muda wa miaka mitatu. Walisoma masomo kwa posta na kwa redio. Walikutana vituoni kufundishwa, na waratibu elimu wa kata waliwafuata mashuleni mwao. Mwishoni walikwenda vyuoni kwa majuma machache, wakafanya mtihani, na waliofaulu wakapata cheti. Waliofuzu kwa njia hii walizidi 35,000.

Wapo waliowacheka. Walizigeuza herufi za U.P.E. wakasema maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu. Kasoro zilikuwapo, na hatuzifichi: elimu ya msingi ya darasa la saba ilikuwa ndogo kwa kazi waliyopewa, na vitabu vilikuwa haba. Lakini wenye kucheka hawakuona jambo moja kubwa. Kijana yule hakuachwa peke yake. Cheti chake kilikuja baada ya kazi kuonekana, na kata nzima ilikuwa na sehemu katika kumfanya awe mwalimu.

Tulinganishe na jambo lililotokea miaka thelathini baadaye. Mwaka 2004 ulianza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, na shule za kata zikajengwa kwa nguvu za wananchi. Kwa mara nyingine walimu hawakutosha. Safari hii walichukuliwa vijana wa kidato cha sita, wakapewa mafunzo ya takriban mwezi mmoja, wakapewa leseni, wakapelekwa madarasani. Watu wakawaita walimu wa "voda fasta", kwa jina la huduma ya kuongeza salio la simu upesi.

Kijana wa kidato cha sita alikuwa na masomo mengi kuliko yule wa darasa la saba. Tena alikuwa na leseni mkononi tangu siku ya kwanza. Alichokosa ni ile miaka mitatu ya kufuatwa, kusahihishwa na kufundishwa akiwa kazini. Mmoja alijifunza kisha akapewa karatasi. Mwingine alipewa karatasi kisha akasahauliwa. Tofauti hiyo haikutokana na akili ya vijana hao. Ilitokana na uongozi.

Leo tunao utaratibu wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA, unaotaka walimu wakutane katika Jumuiya za Kujifunza katika shule zao na katika vituo vya walimu. Fikra yake ni sahihi, na ni ya nyumbani. Ina undugu na kazi ya vituo vya miaka ya sabini. Lakini fikra sahihi inaweza kuuawa na utekelezaji mbaya, na hatari tunazoziona ni tatu.

Hatari ya kwanza ni ukasuku. Jumuiya ya Kujifunza inaweza kugeuka kitabu cha mahudhurio: tarehe, sahihi, muhuri, basi. Mwalimu mwenye watoto mia moja darasani anataka kujua namna ya kumfundisha kusoma mtoto aliye nyuma ya wenzake. Akitoka kikaoni bila jibu hilo, kikao hakikuwapo.

Hatari ya pili ni uongozi wa amri. Mwongozo wa TANU wa 1971 uliwakataza viongozi majivuno na dharau kwa wanaowaongoza. Mkaguzi, ambaye sasa huitwa mthibiti ubora, akiingia darasani kama askari, mwalimu atamficha udhaifu wake. Leseni ikiwa fimbo, hakuna atakayesema mbele ya wenzake, "Somo hili la hesabu silimudu." Na bila maneno hayo mafunzo kazini hayana pa kuanzia.

Hatari ya tatu ni mabwana wengi. Wizara ya Elimu inasimamia mafunzo na ubora. Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya 2015, inashughulikia ajira, vyeo na nidhamu. Halmashauri ya wilaya inaendesha shule. Mwalimu anawajibika kwa wote watatu. Lakini likiulizwa swali, "Nani alikuwa na wajibu wa kumfundisha mwalimu huyu mwaka huu?" kila mmoja anaweza kumtazama mwenzake.

Na Chama je? Tujikosoe. Kamati zetu za siasa za wilaya zinapokagua utekelezaji, mara nyingi huhesabu madarasa, madawati na vyoo. Mambo hayo yanahesabika, na yanapendeza katika taarifa. Ni mara ngapi tumeuliza walimu wa kata fulani walijifunza nini muhula huu, na kimebadilisha nini darasani? Tumeisimamia saruji kuliko tulivyomsimamia mwalimu.

Kwa hiyo tunashauri hivi. Leseni ipimwe kwa kazi ya darasani iliyoonwa na walimu wenzake na kusahihishwa, wala isitegemee mtihani wa karatasi peke yake. Elimu ya Kujitegemea ya 1967 ilitukanya tusiutukuze mtihani kwa mtoto. Haitakuwa busara tuutukuze kwa mwalimu wake. Muda wa kujifunza uwekwe katika ratiba ya shule, usiibwe katika mapumziko ya mwalimu. Gharama za mafunzo ziwe katika bajeti ya halmashauri, zisitoke katika mshahara wake. Na mwalimu yeyote anapoonekana hafai, kabla ya kuamua juu ya leseni yake, wilaya itoe kwanza hesabu ya msaada iliyompa. Ikiwa haikumpa chochote, basi iliyoshindwa kwanza ni wilaya.

Mtoto aliyeko darasa la pili leo hawezi kungoja tumalize kubishana. Mwaka wake mmoja ukipotea, haurudi. Mwalimu atoe hesabu ya kazi yake, nasi tulio viongozi tutoe hesabu ya yetu.