Uzi Ukiachiwa

Ndani ya kichwa cha kikaragosi cha bunraku, tamthilia iliyokulia Osaka nchini Japani, mna kitu ambacho mtazamaji hakioni maishani mwake: ubale mwembamba uliotoka kinywani mwa nyangumi. Nyangumi wasio na meno huchuja chakula kwa mabamba marefu yanayoning'inia kwenye taya la juu, yaliyoumbika kwa kitu kilekile cha kucha zetu. Mafundi wa zamani waliyatazama mabamba hayo wakaona springi.

Kichwa huchongwa kwa hinoki, mti wa jamii ya msaipresi. Kikishapata sura hupasuliwa mbele ya masikio, kikakombwa ndani, kikatiwa nyuzi na springi, kisha kikagandishwa tena kwa gundi. Uzi ukivutwa, nyusi hupanda au macho hugeuka. Hilo si kazi. Kazi ni kurudi: uzi ukiachiwa, nyusi zishuke zenyewe bila kishindo, kama za mtu aliyeghairi kukasirika. Chuma hurudi kwa pupa, tena hushika kutu. Plastiki huchoka, ikabaki imepinda. Ubale wa nyangumi hutii, ukarudi kwa adabu. Fundi akiupunguza unene kupita kiasi, uso hulegea. Akiuacha mnene, uso huwa mkaidi. Hasira na huruma hupimwa kwa ncha ya kisu.

Lakini si kila uso unataka mitambo. Vichwa vingi vya wanawake havifungui kinywa kabisa. Pembeni mwa mdomo huchomekwa sindano ndogo ya kunasia mkono wa nguo, ili aliaye aonekane ameuma kitambaa kwa uchungu. Sindano tu! Binafsi naipenda kuliko kile kichwa maarufu cha gabu, ambamo uso wa binti mrembo hugeuka ghafla kuwa wa jini, mdomo ukipasuka na pembe zikichomoza.

Nyangumi wenye mabamba yaliyofaa zaidi, yanayozidi mita 2 kwa urefu, waliwindwa hadi wakakaribia kutoweka, na tangu 1935 mkataba wa kimataifa umekataza kuwaua. Mimi ningewaacha baharini bila kusita. Hata hivyo, fundi anayekataa springi mbadala simwoni mkaidi. Kikaragosi kimoja huendeshwa na watu 3, na kiongozi wao hushika kichwa kwa mkono wa kushoto. Springi ikibadilishwa, kidole chake hujua kabla ya jicho la yeyote ukumbini.