Simbakubwa na Wenzake: Juu ya Majina ya Kiswahili ya Viumbe vya Kale

Wataalamu wa visukuku wamekuwa wakichota katika Kiswahili majina ya kuwapa wanyama waliotoweka, ambao mabaki yao huchimbuliwa katika miamba ya Tanzania na Kenya. Asilisaurus kongwe na Pakasuchus walitangazwa mwaka 2010. Shingopana mwaka 2017. Mnyamawamtuka moyowamkia na Simbakubwa kutokaafrika mwaka 2019. Mambawakale ruhuhu mwaka 2022. Ni heshima kwa lugha, wala hapana sababu ya kuikataa. Lakini jina la kitaalamu ni tungo, na kila tungo ya Kiswahili, hata ikivishwa kanzu ya Kilatini, yapimwa kwa sarufi ya Kiswahili na kwa maana yake.

Kwa sarufi, walio wengi wamefaulu. Shingopana ni sahihi: shingo ni pana, wala haihitaji kiambishi kingine. Mnyamawamtuka ni mnyama wa Mtuka, yaani mto ulio karibu na mahali alipofukuliwa, na moyowamkia hueleza umbo la mifupa ya mkia wake, ambayo hufanana na moyo. A-unganifu imekaa mahali pake mara mbili, na jina zima lasomeka kama kitendawili kizuri. Hata Asilisaurus kongwe, ambalo nusu yake ni Kiyunani, lina upatanisho wa siri: asili ni kongwe, si mkongwe.

Aliyeanguka ni Simbakubwa. Maelezo yaliyochapishwa yasema maana yake ni simba mkubwa. Basi mbona si Simbamkubwa? Jina la mnyama, liwe na umbo lolote, hufuata upatanisho wa wenye uhai, na mtoto wa Pwani hujua hivyo kabla hajaingia chuoni. Yawezekana kumtetea mtungaji kwa kusema kwamba simba kubwa ni ukuzaji, kama lisemwavyo jitu kubwa au jibwa kubwa. Na kweli mnyama huyu, kwa kadiri ya taya na meno yake, alimpita simba wa leo kwa mbali. Lakini utetezi huo haumo katika maelezo ya wenyewe. Ni bahati, si nia. Kanuni za kimataifa zataka jina la jenasi liwe neno moja. Hazikatazi herufi m.

Kosa la maana ni zito kuliko kosa la sarufi. Simbakubwa si simba, wala si mzazi wa simba. Ni wa kundi la haienodonti, walanyama waliotoweka bila kuacha kizazi. Mambawakale naye si mamba halisi, ingawa ni wa upande wa ukoo uliozaa mamba. Na Asilisaurus si asili ya dinosauri bali ni binamu yao. Msomaji wa Kiingereza au wa Kijerumani haoni shida, kwa kuwa kwake majina hayo ni sauti tupu. Anayeumia ni Mswahili, ambaye anayaelewa.

Neno lenye lawama kubwa zaidi ni kale. Katika matumizi ya wenyeji, kale hupimwa kwa kumbukumbu ya watu: watu wa kale, mila za kale, hapo kale. Mambawakale alitoka katika tabaka za Manda, bonde la Ruhuhu, kusini-magharibi ya Tanzania. Fuvu lake lilichukuliwa huko mwaka 1963, likangoja miaka 59 kupewa jina rasmi. Tabaka hizo ni za Kipindi cha Triasi, kilichoanza miaka milioni 252 iliyopita na kwisha miaka milioni 201 iliyopita. Simbakubwa wa Meswa Bridge, magharibi ya Kenya, ana umri wa yapata miaka milioni 22. Fuvu la Olduvai lililovumbuliwa na Mary Leakey mwaka 1959 lilipimwa, na mwaka 1961 likatangazwa kuwa na miaka milioni 1.75. Wote watatu huitwa wa kale, na lugha haina neno la kila siku linaloonyesha kwamba baina ya wa kwanza na wa pili mna umbali ulio zaidi ya mara nane wa ule uliopo baina ya wa pili na wa tatu.

Hapo ndipo upungufu wenyewe ulipo. Wanajiolojia wana ngazi: daraja kubwa hugawanyika katika ndogo, na hizo katika ndogo zaidi. Waandishi wa Kiswahili huandika zama, enzi, kipindi na wakati kana kwamba ni mamoja. Zama za Mawe zimekwisha zoeleka kwa habari za binadamu na zana zake, ambazo kongwe zijulikanazo, za Lomekwi huko Turkana, zina miaka milioni 3.3, akiandika mtu pia zama za dinosauri, mwanafunzi ataziona kuwa jirani, ilhali dinosauri, ukiwatoa ndege, walikwisha miaka milioni 66 iliyopita. Yafaa zama waachiwe wanaakiolojia. Dahari, neno ambalo tangu hapo lina upana usiohesabika, latosha daraja la juu kabisa. Enzi lishike daraja la pili, ijapokuwa lina harufu ya kiti na utawala. Kipindi lishike la tatu, hata kama ki- yake yaonekana kuidogosha miaka milioni hamsini.

Majina ya vipindi yenyewe yasitafsiriwe. Kretasi lilitokana na chaki ya Ulaya, na Triasi na matabaka matatu ya Ujerumani. Anayeandika Kipindi cha Chaki atamfanya msomaji wa Songwe atafute chaki katika mawe mekundu ya mchanga alimofukuliwa Shingopana, na hataipata. Kretasi haisemi neno kwa Mswahili, na kwa hiyo haimdanganyi.

Kibandiko kitakachowekwa chini ya fuvu la Ruhuhu, popote litakapoonyeshwa kwa wasomaji wa Kiswahili, hakina budi basi kuongeza mstari mmoja baada ya jina: mtambaazi mla nyama, jamaa ya mamba, Kipindi cha Triasi, Enzi ya Kati ya Uhai.