Le, nga, le, nga

Mwalimu wa darasa la kwanza huku Masisi, mashariki mwa Kongo, anainua shada la lengalenga, mboga ambazo nusu ya darasa walizila jana jioni, kisha analitamka jina polepole huku akipiga makofi: le, nga, le, nga. Makofi manne. Watoto wanaitikia, naye anawarudisha hadi midomo yote iende pamoja.

Sikiliza kofi linapoangukia. Ile n haibaki nyuma na le, inavuka kwenda kwa g, na zote mbili zinaingia kwa pamoja kabla ya a. Mchinjaji mzuri hapigi mfupa, hutafuta kiungo. Anayekata len-ga amepiga mfupa. Mwalimu huyu hajawahi kulieleza hilo ubaoni. Mkono wake unalijua, na baada ya juma moja mikono ya watoto nayo inalijua.

Anaheshimu hata tofauti zetu. Mtu wa pwani husema m-ti, midomo imefumba na mkazo umekaa juu ya m. Sisi tunasema mu-ti, tumeipa m vokali yake. Silabi ni mbili kwa wote, na wote wanaegemea ya kwanza. Sioni sababu ya mmoja kumcheka mwenzake.

Upande wa Walikale masikio yalihitaji kazi kubwa zaidi. Kinyanga, lugha ya Wanyanga wa huko, ni lugha ya toni, na silabi ikipanda au ikishuka maana yaweza kugeuka. Rureke, msimulizi wao, aliposimulia habari za shujaa Mwindo mwaka 1956, kwa siku kumi na mbili, kila silabi ilitaka kusikilizwa ndipo watafiti Biebuyck na Mateene waweze kuchapisha kitabu mwaka 1969. Uvumilivu wa namna hiyo siuoni tena.

Siku hizi mtoto anaharakishwa aingie kwenye Kifaransa kabla hajamaliza kuisikia lugha ya nyumbani, ingawa Katiba ya Kongo ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa. Kisha vita vikafika Masisi mjini Januari 2025 na Walikale mjini Machi, na ufundi huu unaotaka mwalimu na mtoto watazamane midomo hauwezi kufanywa njiani, watu wakikimbia. Mtoto akifika kwenye neno lengalenga, analisoma kwa pua, jinsi Kifaransa kilivyomzoeza: lan-ga-lan-ga. Bibi yake, aliyezipanda mboga hizo nyuma ya nyumba, anamwuliza anasema nini.