Stara ya Tezi

Mwaka unapokaribia kwisha, mazungumzo ya Westlands hugeukia pwani. Watu wanatoka kazini kwenye maghorofa ya Waiyaki Way, wanakutana Mpaka Road au Sarit Centre, wanachanga fedha za likizo, na kila kundi halikosi mmoja mwenye hamu ya kukodi chombo cha tanga Lamu na kulala baharini hadi Kiwayu. Picha zinapitishwa, bei zinalinganishwa. Kisha mtu, mara nyingi mama mwenye watoto wadogo au mzee mwenye kisukari, anauliza kwa sauti ya chini: choo kiko wapi? Wenzake wanatabasamu na kurudi kwenye bei. Kwangu mimi hilo ndilo swali la kwanza kuulizwa. Ukijua fundi amekiweka wapi choo, na kwa nini, umeshakijua chombo kizima: upepo anaoutarajia, wimbi analolihofia, na heshima aliyonayo kwa mtu atakayepanda.

Huku kwetu nyumba za chumba kimoja zinaendelea kuota kila barabara. Ingia mojawapo: mlango wa choo unatazamana na jiko, au uko hatua mbili kutoka kwenye kochi la mgeni. Msanifu hakukusudia ubaya. Mabomba ya maji taka hushuka pamoja kutoka ghorofa ya juu hadi chini, na kila choo hulazimika kusogea kando yake. Bomba ndilo linaloamua. Fundi wa chombo hana bomba la kumwamuru. Ana upepo, ana mawimbi, ana macho ya watu, na kila kimoja kati ya hivyo kinamvuta upande wake.

Nafasi yenyewe ni finyu mno. Mashua ya Lamu huwa na urefu wa mita 8 hivi, ikizidi sana 10. Humo kuna mlingoti na mwashiri unaoushikilia, kuna banduru ya kufulia maji, kuna jiko la makaa ndani ya sanduku la mchanga, mitungi ya maji ya kunywa, mabaharia, na abiria na mizigo yao. Foromali inayobeba tanga, na tanga lenyewe, vinadai njia yao, na hakuna anayeweza kuvinyima. Kinachobaki ndicho cha kulalia, kulia na kujisitiri. Katika ufinyu huo ndipo fundi anapoonyesha ubingwa wake.

Nilikwenda Matondoni, upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu, kuwatazama mafundi hao. Wanafanya kazi chini ya banda la makuti kando ya maji, tezo mkononi, msumeno na keekee juu ya mkeka, na hakuna karatasi ya mchoro mahali popote. Mataruma, yaani mbavu za chombo, wanayachagua kutoka kwenye matawi yaliyopinda yenyewe, ili nyuzi za mti zifuate mkunjo wa ubavu na zisikatwe. Vijana wanasokomeza pamba iliyotiwa mafuta katikati ya mbao, nyundo zikigonga kwa zamu. Nilimuuliza fundi mkuu, mzee mwenye kofia ya kazi, kwa nini choo cha vyombo vyao huwa nyuma. Hakunijibu kwa maneno mengi. “Mwanangu, kaa hapo nyuma, ushike hiyo kana.” Nikakaa kwenye chombo kilichokuwa bado juu ya magogo, nikashika mkono wa usukani. “Haya, tumetweka tanga. Sasa watazama wapi?” Nilikuwa natazama mbele. “Basi,” akasema, akarudi kwenye tezo yake.

Imenichukua muda kuyafungua maneno hayo machache. Chombo kikiwa safarini, macho yote yana kazi mbele. Anayeshika kana anatazama tanga na rangi ya maji asije akapanda fungu. Baharia aliyeshika demani, kamba ya tanga, anatazama tanga hilohilo. Abiria wanatazama kisiwa kinachokuja. Choo kikijengwa omo, yaani mbele ya chombo, mtu anayekiendea anapita mbele ya hadhira nzima, na anaporudi anatazamwa usoni. Kikijengwa tezi, mwisho wa chombo, kiko nyuma ya migongo yote, na aliye karibu nacho kuliko wote, yaani nahodha, ndiye ambaye kazi yake inamkataza kugeuka. Stara hiyo haikujengwa kwa ubao hata mmoja. Fundi ameitoa kwenye kazi za watu, na mbao alizoongeza baadaye ni za kuikamilisha tu.

Tezi ina mengine pia. Maji yanayochanika nyuma ya usukani yana mvumo wao, na mvumo huo unafunika sauti ambazo hakuna anayetaka zisikike. Usiku, nanga ikishatupwa kutoka omo, chombo hugeuza uso kuelekea upepo, isipokuwa mkondo wa maji uwe na nguvu zaidi. Tezi inabaki chini ya upepo, na harufu inakwenda zake baharini bila kupita juu ya waliolala. Halafu kuna wimbi. Omo ndiyo inayopanda na kushuka kuliko sehemu nyingine yoyote ya chombo kidogo, na mtu aliyezoea lami ya Nairobi akienda kujifungia huko katika bahari ya kusi, anarudi na kichefuchefu hata kama hakwenda nacho.

Mtu anaweza kuuliza, basi kwa nini merikebu za Ulaya za matanga ya mraba ziliweka vyoo vya mabaharia omo? Merikebu hizo zilipenda upepo wa nyuma, na upepo wa nyuma hupeleka harufu mbele. Hoja hiyo ni nzuri, na ilitufaa hata sisi, maana kaskazi ndiyo iliyovileta vyombo vya Arabuni na Bara Hindi mpaka huku na kusi ndiyo iliyovirudisha. Lakini omo ya jahazi iko chini kuliko tezi na ndiyo inayopokea maji ya kwanza. Pembe ya mbele ya tanga imefungwa huko. Wakati wa kugeuza tanga, foromali nzima hupitishwa mbele ya mlingoti, na kwa dakika chache omo inakuwa mahali pa kamba zilizolegea, turubali linalopigapiga na watu wanaokimbia. Hakuna fundi mwenye akili timamu atakayemweka mtu aliyechuchumaa katikati ya hayo.

Kwenye majahazi makubwa na mabumu ya Ghuba, jibu lilikuwa kisanduku cha mbao kilichoning'inizwa nje ya ubavu, karibu na tezi. Mafundi walikitengeneza kwa vipimo vya mwili. Chini ni wazi, unaona bahari ikipita. Mbao za pembeni si ndefu: aliyesimama anaonekana kifua na kichwa, aliyechuchumaa haonekani. Kwa hiyo yeyote akitupa jicho anajua mara moja kama kuna mtu ndani, wala hana haja ya kubisha wala kuuliza. Hakina bomba la kuziba wala ndoo ya kumwaga, na wimbi linapolamba chini yake linakiosha. Nimeona milango ya vyoo ya gharama kubwa mjini isiyoweza kufanya hata nusu ya kazi hiyo.

Kisanduku hicho, hata hivyo, kilikuwa cha wanaume zaidi. Mwaka 1938 Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia, alipanda bumu la Kikuwait liitwalo Bayan, nahodha wake akiwa Ali bin Nasr al-Nejdi, likaja naye pwani yetu mpaka Lamu, Mombasa, Zanzibar na hatimaye delta ya Rufiji kuchukua boriti. Abiria walijaa juu ya sitaha. Wanawake waliwekwa chini, katika chumba cha nyuma, gizani na kwenye hewa nzito, kwa siku nyingi. Nikisoma habari hizo najisikia kukosa pumzi. Stara waliipata, lakini waliilipia kwa hewa, na ndiyo maana nasema kuta peke yake si ufundi. Yeyote anaweza kumfungia mtu chumbani. Kazi ni kumpa faragha na upepo kwa pamoja.

Watu wa Lamu walikuwa na jibu la swali hilo nchi kavu. Katika nyumba zao za mawe za karne ya 18, mgeni anaishia dakani na tekani, pale mlangoni. Anayeruhusiwa zaidi anafika kiwanda, ule ua ulio wazi juu. Baada ya hapo kuna misana, zile kumbi ndefu, kisha chumba kiitwacho ndani, na choo na birika lake, yaani tangi la maji, viko huko nyuma kabisa. Birikani waliweka samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Mwanga na hewa vinashuka kutoka kiwanda, na faragha inazidi kila hatua unayopiga kwenda ndani, bila milango mingi ya kufunga. Ukiishika ramani ya nyumba hiyo mkononi ukiwa umesimama kwenye jahazi, utaona fikra ni zilezile: mwenye haja hupita kwanza kati ya wenzake, kisha karibu na mwenye mamlaka, kisha anafika mwisho ambako hakuna apitaye. Sishangai. Milango ya mji na vyombo vya bandarini vyote ni kazi ya mafundi wa mbao, na wake zao na mama zao walipanda vyombo hivyo kwenda Pate, Siyu na Faza.

Sasa turudi kwenye uamuzi wa yule anayekodi. Mashua iliyo wazi ndiyo rahisi na ndiyo nyepesi, nayo huingia kila hori. Choo chake ni ndoo na pazia la turubali kule nyuma, au kusubiri ufuko unaofuata. Kwa vijana na kwa safari ya kutwa inatosha kabisa. Kuna vyombo vilivyowekewa sitaha mbele na choo chini yake, mpango ulioigwa kutoka kwenye boti ndogo za Ulaya. Hao Wazungu wenyewe, wakipata nafasi, hukivuta choo nyuma kidogo, karibu na katikati ambako mrusho ni mdogo, kikawa kama ukuta kati ya chumba cha mbele na sebule. Kwenye boti ndogo kabisa ndipo kinapoishia chini ya kitanda cha omo, mtu akaondoa godoro ili akitumie. Mpango huo siupendi. Umefichika kweli, ila joto la Lamu saa nane mchana chini ya sitaha isiyo na dirisha halivumiliki, na kila anayekwenda huko anapita juu ya miguu ya wote.

Cha tatu ni jahazi dogo lenye chumba cha choo tezi, na hicho ndicho nitakachokitetea mbele ya kundi lolote. Ukikikagua, usidanganywe na ukubwa. Chumba kipana ni kizuri bandarini na kibaya baharini. Sentimita 60 zinatosha, kwa sababu mtu anakaza bega huku na bega kule, wimbi likaja likapita bila kumtupa. Tazama mlango: ufunguke kuelekea nyuma, uwe na uwazi juu na chini wa kupitisha upepo. Tazama bomba. Choo cha pampu kilicho chini ya usawa wa maji lazima bomba lake lipandishwe juu ya usawa huo, likunjwe, kisha lishuke, na pale kileleni pawe na kitundu cha kuingizia hewa. Fundi asipofanya hivyo, bahari itajivuta yenyewe kidogo kidogo mpaka chooni na kutoka chooni mpaka ngamani, chini kabisa ya chombo, watu wakiwa usingizini.

Uulizie na tangi la maji taka. Kiambatisho cha Nne cha mkataba wa MARPOL, kilichoanza kutumika Septemba 2003, kinazikataza meli kubwa kumwaga maji taka mabichi karibu na nchi kavu. Mpaka ni maili 12 za baharini. Chombo cha mita 10 hakimo katika sheria hiyo, lakini Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, una mikoko pande zote mbili na watoto wanaoogelea, na maji yake yakipwa hata chombo hakipiti. Kisanduku kilicho wazi ni cha bahari kuu. Ndani ya visiwa mtu abebe chake mpaka mahali pa kukimwagia.

Mtihani mgumu kuliko yote umewajia mafundi katika zama zetu, nao ni injini ya nje. Injini inadai tezi hiyohiyo, inaleta kelele na moshi, na mbaya zaidi, inamfanya baharia ageuke nyuma kuishughulikia, kwa hiyo lile jicho lililokuwa limefungwa na kazi sasa limefunguliwa. Pale Matondoni niliona chombo kimoja kikitengenezwa upya kwa ajili hiyo. Injini ilikuwa imesogezwa upande mmoja wa tezi, kwenye kiunzi chake. Choo kilikuwa upande wa pili, kimezibwa kwa kiwambo cha mbao kilichokatwa mshazari, kirefu upande wa injini na kifupi upande wa bahari, ili anayevuta kamba ya kuwasha injini asione kitu na aliye ndani aone maji. Fundi alikuwa amekikata mara ya kwanza, hakikumridhisha. Nilipoondoka alikuwa amemkalisha mwanafunzi wake kwenye nafasi ya injini, yeye mwenyewe amechuchumaa upande wa pili na kipande cha chaki, akimuuliza anaona nini.