Nimeiona Augure, na Usingizi Umenikataa

Nimeiona! Jana usiku, hapa Kikula, Likasi, katikati ya lupango, yaani ua wetu, kompyuta ya ndugu yangu mkubwa ikiwa juu ya kiti cha plastiki na sisi watu kumi na mmoja tumebanana mbele yake. Umeme ulikatika tukiwa katikati, betri ikashika, hakuna aliyegeuza shingo. Ilipokwisha nikaomba turudie tangu mwanzo. Watu saba wakabaki. Mpaka asubuhi hii bado mikono inanitetemeka kidogo, na ninaandika haraka kabla hamu haijapoa.

Ni Augure, filamu ya mwaka 2023 ya Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi aliyekulia Ubelgiji na kujulikana kwanza kwa rap. Ilionyeshwa Cannes, ikapata tuzo ya Sauti Mpya katika kitengo cha Un Certain Regard, na Ubelgiji ikaipeleka kuiwakilisha kwenye Oscar. Hayo yote nilikuwa nimeyasikia. Ambalo sikuwa nimejiandaa nalo ni sura ya Koffi, mhusika tunayeanza naye, ilipojaa kwenye kioo, mama mmoja nyuma yangu akapiga makofi na kusema, “Uyu ni mutoto wa huku kwetu!” Na ni kweli: Marc Zinga alizaliwa hapa Likasi mwaka 1984. Huyu ndiye aliyecheza katika Dheepan na katika Spectre ya James Bond, na aliyesimama jukwaani Ufaransa kama Patrice Lumumba. Sasa anacheza mtu anayerudi Kongo baada ya miaka mingi Ulaya, na tunamtazama tukiwa katika mji aliozaliwa. Niambieni mimi ningelalaje!

Hadithi inaanza kwa jambo dogo. Koffi anakuja na mchumba wake Alice, Mbelgiji mwenye mimba, kuleta mahari na kuomba baraka za wazazi. Usoni ana alama ya kuzaliwa, na tangu utotoni ameitwa zabolo, mtu mwenye alama ya shetani. Anataka tu kupokewa. Ndugu wanakusanyika, anapewa mtoto mchanga wa mmoja wa dada zake ambebe. Kisha pua inamtoka damu. Tone linamwangukia mtoto.

Hapo, katika lupango yetu, kimya kilishuka kama blanketi. Bibi aliyekaa pembeni yangu alimvuta mjukuu wake kifuani, bila kujua kwamba amemvuta. Nilimwona. Mkono wake ulikwenda wenyewe. Ndipo nikajua kwamba Baloji amelipata jambo lenyewe: hofu hii haikai katika maneno ya wachungaji wala waganga peke yao, inakaa kwenye mkono wa bibi mwema anayempenda kila mtoto wa mtaa. Katika filamu ndugu nao wanampenda Koffi, na bado wanamvika kinyago cha mbao na kupigilia misumari. Nilisikia kila msumari katika meno yangu.

Tumeona filamu nyingi za uchawi. Nyingine zinatuogofya ili tukimbilie kanisani, nyingine zinatuchekesha. Hii haimchukui mtuhumiwa kama mchawi wala haiwachukui ndugu zake kama wajinga. Inakaa na wote. Na aliyetengeneza filamu hii anaitwa Baloji, jina ambalo masikio ya Katanga yanalisikia moja kwa moja: balozi, yaani wachawi kwa Kiswahili cha huku. Mtu aliyelibeba jina hilo tangu utoto anajua uzito wake barabarani, shuleni, kwenye msiba.

Nimemsema Koffi sana, lakini watuhumiwa ni wanne. Kuna Paco, mtoto wa mtaani anayemlilia dada yake, na kundi lake la wavulana waliovaa magauni ya rangi ya waridi. Mara ya kwanza vijana wetu walicheka, mara ya pili hawakucheka. Marcel Otete Kabeya anamcheza Paco kwa macho tu, macho ya mtoto aliyekomaa kabla ya siku zake. Kuna Tshala, dada yake Koffi, mwanamke anayetaka kuishi na kupenda anavyotaka mwenyewe. Hapa nina lalamiko langu moja: sehemu yake ni fupi mno! Eliane Umuhire anaijaza kila picha, halafu tunanyang’anywa.

Na kuna Mama Mujila, mama yake Koffi. Jamani, Mama Mujila! Yves-Marina Gnahoua anaingia akiwa amefunga uso kama mlango, na kwa saa nzima nilimchukia. Mama gani haangalii mtoto wake? Kisha filamu inageuka polepole kuelekea kwake, naye ni mtuhumiwa wa nne. Sisemi zaidi, nendeni mkaone. Nasema tu kwamba mara ya pili nilimtazama yeye tangu mwanzo, na ule ukali wote ukasomeka upya. Kwangu mimi filamu ni yake. Koffi ni mlango wa kuingilia tu.

Kati ya filamu zilizopigwa Kongo, naipenda Félicité ya Alain Gomis, nayo ilistahili tuzo yake Berlin mwaka 2017, lakini ile ni ya Kinshasa. Makala ya Emmanuel Gras, ya mwaka huohuo, ilinifikisha karibu zaidi: mtu anasukuma baiskeli yenye magunia ya makaa mpaka Kolwezi, huku Kiswahili chetu kikisikika. Ile ilituonyesha jasho letu. Augure imeingia ndani ya nyumba, imefunga mlango, na kutuonyesha tunavyoogopana. Kifaransa, Kilingala na Kiswahili vinapishana humo kama vinavyopishana kwenye meza ya bukari, ugali wetu, bila mtu kuombwa kuchagua kimoja. Na rangi zake! Ndoto na barabara zinashikana mpaka huoni pa kuzitenganisha, na mavazi peke yake yangenifanya nilipe kiingilio.

Leo jioni majirani wa ng’ambo ya barabara wameomba tuwapelekee kompyuta. Yule bibi amesema anakuja tena, na mjukuu. Nitakaa pembeni yake.