Sifa kwa Fundi Anayengoja Joto

Gari la zamani likigoma asubuhi, kila mpita njia ni fundi. Mmoja atasema betri, mwingine atasema plagi, wa tatu atavua koti na kuanza kusukuma. Likigoma adhuhuri, baada ya safari nzuri isiyo na kikohozi hata kimoja, washauri hupungua. Limetoka Ruaha Mbuyuni, limepanda Kitonga kwa gia ya pili, limezimwa Ilula ili abiria wanunue nyanya. Baada ya dakika ishirini dereva anageuza ufunguo, anasikia "ta" moja, kisha kimya. Jua likishapungua makali, gari lile lile litawaka mara moja kana kwamba halijawahi kumkosea mtu.

Kasoro ya namna hii ndiyo inayowapambanua mafundi. Ni homa inayoshuka mgonjwa akifika mlangoni kwa daktari: gari huburutwa hadi gereji, hufika limeshapoa, na likiguswa tu linawaka. Fundi mwenye haraka humwambia mwenye gari kwamba halina kitu, au humfungia stata mpya na kumtakia safari njema. Fundi anayestahili kusifiwa hutenda kinyume. Hulipeleka gari barabarani mpaka lipate moto sawasawa, hulirudisha, hulizima, hufunga boneti na kuagiza chai. Anangoja joto lipande.

Naam, lipande. Wenye magari wengi hudhani injini ikizimwa huanza kupoa papo hapo. Injini ikiwa inafanya kazi, pampu huzungusha maji, feni huvuta upepo, na petroli mpya kutoka kwenye tangi hupita ikipoza mirija na kabureta. Ukizima, vyote hivyo husimama kwa pamoja, ilhali manifoldi ya ekzosi bado ina nyuzijoto mamia kadhaa na chuma cha injini kimejaa moto usio na pa kwenda. Moto huo hupanda taratibu hadi kwenye vitu vilivyokuwa salama safari nzima: kabureta, pampu ya petroli, koili, stata. Kwa hiyo gari lililosimama dakika mbili huwaka, lililosimama saa mbili huwaka, na lililosimama robo saa hugoma.

Chai ikiisha, swali la kwanza ni jepesi: je, stata inazungusha injini au haizungushi? Jibu lake hugawa kazi nzima.

Tuanze na isiyozungusha. Injini zilizungushwa kwa hendeli mpaka Cadillac ilipotoa gari la mwaka 1912 lenye stata ya umeme, kazi ya Mmarekani Charles Kettering. Tangu siku hizo uwashaji umekuwa mikononi mwa shaba, na shaba ikipata moto huubania umeme. Kutoka nyuzi 20 hadi 100 za Selsiasi, ukinzani wake hupanda kwa takriban asilimia 31. Solenoidi, kile kichupa kinachokaa mgongoni mwa stata, imesheheni waya wa shaba uliosokotwa. Ndiyo inayosukuma gia ya stata ishikane na meno ya flaiwili na kufungulia umeme mkubwa wa betri. Ikichemka, kwa volti zile zile hupata kama robo tatu tu ya mkondo wa asubuhi. Ule mlio wa "ta" ni solenoidi iliyojaribu na kushindwa, au iliyofika ikakuta umeme hautoshi.

Wamarekani walilijua tatizo hili mapema. Kwenye injini ndogo ya V8 ya Chevrolet iliyoanza 1955, solenoidi hupanda juu ya stata, jirani kabisa na ekzosi. Mwenye kufunga mabomba makubwa ya mashindano huwa ameisogezea moto zaidi. Ford kwa miaka mingi waliweka solenoidi yao mbali, kwenye ukuta wa boneti karibu na betri. Ndiyo maana mafundi wa Chevrolet, bila kuona aibu, huchukua solenoidi ya Ford na kuifunga kwenye gari la mshindani wake.

Lakini shule iliyo bora kuliko zote ni Volkswagen Beetle. Injini yake iko nyuma, betri iko chini ya kiti cha nyuma, ufunguo uko mbele kwa dereva. Umeme wa kuamsha solenoidi hutoka nyuma, hupita kwenye swichi za dashibodi, kisha hurudi nyuma tena. Kila kiungo chenye kutu na kila swichi iliyochoka hukata ushuru wake njiani. Asubuhi kinachobaki hutosha. Adhuhuri, stata ikiwa imebanana na vifaa vya ekzosi, solenoidi huhitaji zaidi na kupata kile kile. Kwenye Beetle za zamani zaidi, zile za volti 6, hakuna hata akiba ya kupoteza.

Dawa yake inajulikana: rilei ndogo hufungwa karibu na stata. Umeme dhaifu unaotoka kwenye ufunguo hubaki na kazi ya kuiamsha rilei tu, na rilei huipa solenoidi umeme wa betri moja kwa moja kwa waya mfupi mnene. Ni kazi ya muda mfupi na bei yake haimtishi mtu. Hapo ndipo mafundi wengi hufunga kisanduku cha spana.

Fundi hodari hafungi bado. Anajua kwamba kwenye Beetle nyingi ncha ya shafti ya stata haishikwi na stata yenyewe. Huzunguka ndani ya bushi ndogo iliyopachikwa kwenye nyumba ya giaboksi, na stata ikifunguliwa bushi hiyo hubaki mle ndani, gizani, bila mtu kuikumbuka. Ikilika, shafti hulala upande, moyo wa stata husugua ukuta wake, na umeme mwingi huishia kwenye msuguano huo. Mwenye gari hununua stata ya pili na ya tatu, zote nzima, zote zikifungwa kwenye bushi ile ile mbovu. Fundi huingiza kidole, hupapasa, hutabasamu. Kipande cha chuma kisichozidi urefu wa kifundo cha kidole kimekula mshahara wa mtu.

Kabla ya kubadilisha chochote, hupima. Hii ndiyo sehemu ya ufundi inayopendeza kuitazama. Ncha moja ya mita huiweka kwenye kichwa chenyewe cha betri, wala si kwenye kibano chake. Ncha ya pili kwenye bolti ya stata. Mwanafunzi anageuza ufunguo. Ikisoma zaidi ya nusu volti, waya au kiungo kinaiba. Kisha upande wa ethi: kutoka kichwa hasi cha betri hadi kwenye chuma cha injini. Mara nyingi mwizi yuko huku, kwenye ukanda wa ethi uliofungwa juu ya rangi au matope. Betri nayo hutazamwa: ile ya volti 12, wakati wa kupiga stata isishuke chini ya volti 9.6. Baada ya vipimo vitatu fundi anajua mengi kuliko aliyebadilisha vifaa vitatu, na hajatumia senti ya mwenye gari.

Kuna pia taimingi. Cheche ikiwekwa mapema mno, mlipuko huanza kabla pistoni haijafika juu na huipiga stata kumbo. Injini ya baridi huweza kuvumilia. Ya moto huzunguka kwa kusuasua, na stata hulaumiwa bure.

Sasa upande wa pili: stata inazungusha kwa nguvu, injini haishiki. Kesi imehamia kwenye petroli au cheche, na kwenye petroli kuna makosa mawili yaliyo kinyume ambayo dereva huyaona kama moja. Sehemu nyepesi za petroli huanza kuchemka kabla ya nyuzi 40. Kabureta iliyokalia manifoldi ya moto hupita hapo bila shida. Petroli iliyo kwenye bakuli la floti hutokota, hufurika na kudondokea ndani ya manifoldi, na injini huzama. Au mvuke hujaa kwenye pampu na mirija, pampu ikabaki kuvuta hewa, na injini hufa njaa. Mwinuko huongeza balaa: Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, na petroli nayo huwahi.

Pua hutangulia, kisha macho. Harufu kali ya petroli huashiria gharika. Fundi hufungua kifuniko cha chujio la hewa, humulika koo la kabureta kwa tochi (mwenye sigara ameshafukuzwa), na huangalia kama kuna matone. Yakiwapo, dereva huambiwa akanyage mafuta hadi chini na kushikilia huku akipiga stata, ili hewa iingie kwa wingi. Asikanyage na kuachia; kila anapokanyaga, kabureta hurusha petroli zaidi. Koo likiwa kavu na mafuta yakikanyagwa hakuna kinachorushwa, kitambaa kilicholoweshwa maji hufungwa kwenye pampu. Mvuke hurudi kuwa petroli na gari huondoka.

Kitambaa kinafikisha watu nyumbani, hakiponyi. Tiba hutafutwa kwenye umbo la injini. Mini ya 1959, MGB na Datsun 240Z zina jambo moja linalozifanya ndugu: kabureta na ekzosi ziko upande mmoja, kabureta juu, moto chini. Waliotengeneza MGB waliweka bamba la kukinga joto na vipande vinene vya bakelaiti visivyopitisha moto. Fundi asiyejua hulitupa bamba hilo kwa kuliona takataka, kisha hushangaa. Datsun 240Z ilishinda Safari Rally 1971 na 1973, kwenye vumbi na joto la Afrika Mashariki, lakini baadhi ya zilizouzwa Marekani, hasa za 1973 zenye kabureta mpya za Hitachi, zilipata sifa mbaya ya kugoma zikiwa za moto. Kwa hiyo kosa haliko kwenye jua letu peke yake.

Bakelaiti irudishwe, mirija isogezwe mbali na ekzosi, njia ya kurudisha petroli kwenye tangi izibuliwe. Pampu ya umeme ikifungwa karibu na tangi husukuma badala ya kuvuta, na petroli iliyo chini ya shinikizo huchelewa kuchemka. Ila ifungwe pamoja na swichi ya kuikata injini ikizimika, maana pampu inayoendelea kumwaga petroli baada ya ajali ni moto unaosubiri cheche. Kuhusu ile kamba ya kuzungushia ekzosi inayouzwa kwa mbwembwe, tahadhari: hushika unyevu na kuozesha bomba la chuma cha kawaida. Na zile za zamani zilizotengenezwa kwa asbesto zisikwanguliwe wala kupulizwa kwa hewa.

Cheche huachwa mwisho, kwa kuwa hudanganya kuliko vyote. Koili au kondensa huweza kupita kila kipimo ikiwa baridi. Fundi huitia joto kwa mashine ya kukaushia nywele mpaka cheche ife mbele ya macho yake, kisha huipoza kwa kitambaa na kuiona ikifufuka. Sasa ibadilishwe.

Mwenye gari la zamani ana sehemu yake. Mlete fundi mahali gari lilipogomea, au mpe siku nzima aligomeshe mwenyewe. Usimhimize. Mwulize alipima nini na ilisoma ngapi, uandike. Na ukipewa hesabu yenye saa tatu za kungoja na kupima, na bushi moja ya bei ya chakula cha mchana, lipa bila kunung'unika: ulichonunua ni zile saa tatu.