Kamba ya Diski Zilizokufa

Katika kibanda cha Papa, fundi wetu wa kuandika diski, komini ya Mangobo mjini Kisangani, kulikuwa na kamba ya nailoni iliyotungwa diski kama samaki. Mgeni alidhani ni pambo. Zilikuwa DVD zilizoharibika wakati wa kuandikwa, na juu ya kila moja Papa alikuwa ameandika kilichoiua: umeme, vumbi, joto, diski mbovu, haraka. "Haraka" ndiyo iliyojirudia kuliko zote, hasa kwenye diski za miaka yake ya kwanza.

Sisi wa Kisangani tumefuata Kifaransa, kuandika diski tunakuita kugrave, yaani kuchonga. Ndugu zetu wa pwani wanasema kuchoma. Nao hawajakosea, kwani leza huunguza tabaka la rangi lililo ndani ya plastiki. Lakini nikimkumbuka Papa, naliona neno letu ndilo lake. Diski ya kuandikwa mara moja ni kama gogo la mtumbwi: ulichokwisha kukitoa hakirudi.

Nilimpelekea kaseti za harusi ya dada yangu nikitaka diski jioni ile ile. Alikataa. Fundi mwingine mjini alikuwa amejaribu mara tatu, na kila mara kompyuta ilikwama kazi ikikaribia kwisha. Papa hakuilaumu diski wala programu. Aliuliza: kompyuta ilikuwa inafanya nini wakati huo? Kumbe ilikuwa inageuza picha na kuandika diski kwa pamoja. Ikachoka, leza ikakosa cha kuandika.

Yeye alizitenga kazi hizo. Usiku aliiacha kompyuta igeuze video yote kuwa faili moja kwenye diski kuu. Harusi yenyewe ilikuwa ya saa tano, na diski moja ya GB 4.7 hubeba saa mbili hivi kwa picha nzuri. Wengine wangeibana mpaka nyuso zigeuke ukungu. Papa aliigawa katika diski tatu. Asubuhi hakuanza mara moja. Umeme wetu unatoka bwawa la Tshopo, lililojengwa miaka ya 1950, na kukatika kwake hakuna asiyekujua. Kwa hiyo aliiunganisha kompyuta na betri kwanza. Diski iliandikwa kwamba inaweza mwendo wa 16, yeye akachagua 4. Kwa kila diski, robo saa nzima hakuna aliyegusa kibodi, na watoto walitolewa nje.

Kisha akaifunga diski, maana isiyofungwa deki nyingi za nyumbani huikataa. Hakuijaribu kwenye kompyuta ile ile, bali kwenye deki kuukuu ya bei rahisi, kama ile ya kwetu. Alitazama mwanzo, katikati, halafu dakika za mwisho zote. Leza huandika kutoka kitovuni kwenda ukingoni, alisema, na ukingo ndio unaoharibika kwanza.

Mji huu unajua kupoteza picha. Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana hapa kwa siku 6, albamu yetu ya familia ilikwenda pamoja na paa. Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani, aliwafuata kwa kamera walemavu wa vita ile wakiteremka mto hadi Kinshasa kudai haki yao. Filamu hiyo ilitoka 2020. Kwa wengine wetu, aliyetutunzia nyuso za wetu ni fundi wa kibandani.

Leo matanga ya mzee yeyote yanarekodiwa kwa simu, yanatumwa WhatsApp yakiwa yamebanwa, na simu ikianguka mtoni yamekwisha. Hakuna anayeuliza kilichoharibu ni nini. Tunasema tu imegoma, tunaanza upya. Kibanda cha Papa sasa kinauza vocha. Niliuliza kuhusu ile kamba. Ilitupwa siku walipopaka rangi. Ilikuwa elimu ya miaka mingi, imeandikwa kwa mkono wake, neno moja moja.

Mama alifariki miaka minne baada ya harusi ile. Katika diski ya tatu, dakika za mwisho kabisa, pale ukingoni, anacheza na dada yangu uani. Noeli iliyopita tuliiweka kwenye deki. Ilikwenda hadi mwisho bila kukwama.